Ubao Chini ya Kisigino

Ndugu zangu, wengi wenu mmenijua kwa mwendo wangu kabla ya kunijua kwa jina. Mnasikia kiatu kimoja kinakanyaga ngazi na kingine kinaburuta kidogo, mnasema Kazungu huyo anakuja. Leo Ijumaa mmeniomba nisimame nieleze mguu huu ulipatwa na nini. Nitaeleza nikiwa nimekaa, kwa ruhusa yenu, maana maneno ni mengi na kisigino hiki kina mipaka yake. Na ile sahani iliyofunikwa pale mezani msiiguse kwanza. Nimeshamwona mtu mmoja ameinua kitambaa.

Mimi ni mkwezi. Kwetu Kilifi nilikuwa naangua nazi tangu sijaota ndevu. Mnazi haupandwi na viatu. Unakata vipandio kwenye shina kwa panga, unaweka nyayo, unapanda, na nyayo zinajua njia zenyewe. Akija mtu na viatu vyake tunamcheka mpaka anashuka. Nyayo zangu zilikuwa ngumu sana, hata mke wangu Kadzo alikuwa akinitania kwamba siku mbuzi ya kukunia nazi ikivunjika atatumia kisigino changu. Kisha wakala mmoja akasikia kuna kampuni ya bustani Doha inatafuta watu wa kupanda mitende. Yeye aliona mti ni mti. Mimi pia niliona hivyo.

Nakumbuka asubuhi yangu ya kwanza kule Muaither, pembezoni mwa Doha, kama kitu nilichokiota. Ilikuwa majira ya baridi na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kuta za nyumba. Gari la kampuni lilituteremsha kwenye lango la mzee mmoja wa Kikatari ambaye sote tulimwita Baba. Ndani ya bustani yake mitende ilikuwa imesimama kimya, vichwa vyake havionekani, mashina tu yakiingia ndani ya weupe. Nilihisi kwamba ningepanda mmojawapo ningetokea Kilifi. Nilisimama pale nikiwa nimesahau kufunga mdomo.

Mwenzangu kazini alikuwa Harun, Mbangladeshi, mtu mwembamba asiyependa maneno. Tulikuwa tukielewana kwa kile Kiarabu cha vibarua ambacho nyote mnakijua. Harun alipanda na buti, na kiunoni alivaa karr, yaani mkanda mpana wa kamba zilizosukwa ambao unazunguka mgongo wa mtu na shina la mti. Akifika juu anaegemea nyuma, mkanda unambeba kama aliyeketi kitini, mikono yote miwili inakuwa huru. Niliona ni mambo ya uvivu. Nilivua viatu, nikachomoa panga, nikauendea mtende ulio karibu na mlango wa jikoni ili nikate vipandio.

Baba alitoka mbio na kandambili. Sijawahi kumwona mzee wa makamo yake akikimbia hivyo. Hakunipigia kelele. Aliweka kiganja chake kwenye shina, pale pale nilipokuwa nimeelekeza panga, akaniambia kwamba mtende ule uliletwa na mama yake ukiwa chipukizi la kubebeka mkononi. Mtende ukijeruhiwa haufungi kidonda, akasema, unabaki nacho maisha yake yote na wadudu wanaingia humo. Nikarudisha panga. Vipandio nikaacha, karr nikakubali kuvaa, lakini viatu nilikataa katakata. Mtende una mabaki ya makuti yaliyokatwa, yametokeza shina zima, na mimi niliyaona ni vipandio vya bure.

Sasa, kwa wale wasiojua, mtende si mnazi. Kule juu, makuti yake, pale yanapotokea shinani, yana miiba, mirefu kama kidole, migumu, na ncha yake hata huioni. Harun alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja. Akifika juu hagusi kitu mpaka amekata miiba yote. Na mimi kila niliposhika karr alikuwa akiniambia maneno yale yale. "Awal shok, baadin shogol." Kwanza miiba, kazi baadaye. Nilikuwa nikimwitikia ndiyo, ndiyo, kama mnavyomwitikia mtu anayewaambia mfunge mlango.

Ikaja siku ya kupandikiza maua. Mtende jike hauzai vizuri bila mtu kuuletea unga wa ua la dume, na unga huo una harufu ya ajabu, nzito, inayokulevya kidogo. Asubuhi ilikuwa ya baridi na upole. Nilikuwa juu ya mtende wa jikoni nikiwa na kichala cha ua dume mkononi, unga umenipaka nyusi, na ukungu ulikuwa chini yangu. Sikuona ardhi. Nilisikia kuku wa jirani na sufuria za jikoni, lakini kama vitu vya nchi nyingine. Nilikuwa na furaha, ndugu zangu, lazima niseme. Nilisogeza mguu wa kushoto ili nizunguke upande wa pili, bila kukata miiba, na mwiba ukaniingia chini ya kifundo, upande wa nje, pale penye shimo dogo.

Haukuuma sana. Hilo ndilo la kushangaza. Niliuchomoa kwa vidole, likatoka tone moja la damu, nikaendelea kupandikiza. Jioni nilikaa kitandani hapa hapa Najma, nikachokoachokoa kwa sindano, nikapaka chumvi na mafuta ya nazi. Ssalongo, ndugu yangu Mganda niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja, alikuwa anapiga pasi sare yake ya ulinzi akiniangalia. Alisema niende kliniki. Nikamwambia mwiba nimeshautoa, niende kuwaonyesha nini?

Mguu ulivimba, ukanywea. Nikasahau. Wiki kadhaa baadaye ukavimba tena, safari hii kifundo chote, na asubuhi ulikuwa mgumu kama umekufa ganzi. Nilikwenda kliniki. Wakanipiga eksirei, hawakuona kitu, wakanipa vidonge. Mti hauonekani kwenye eksirei, lakini hilo nililijua baadaye. Waliniuliza kama nimeanguka au nimeteguka. Nikasema hapana, na ulikuwa ukweli. Mwiba sikuutaja kwa sababu kichwani mwangu mwiba ulikuwa umetoka na habari yake imeisha.

Vidonge vikaisha, uvimbe ukarudi. Basi tukawa tunakwenda hivyo, mguu na mimi, ukipanda na kushuka, mpaka kiangazi kikaingia. Mnaijua Doha ya kiangazi. Kazi za nje husimamishwa mchana, na mchana mmoja nililala kitandani nikiwa na baridi. Nje jua linapasua mawe, mimi natetemeka chini ya blanketi. Ngozi ya kifundo ilikuwa imekuwa nyekundu, inang'aa, na palipoingia mwiba palifunguka kijitundu, usaha ukatoka. Ulikuwa na harufu. Niliionea haya harufu ya mwili wangu mwenyewe.

Homa ile ilikuwa na ulimwengu wake. Mlio wa kiyoyozi uligeuka upepo ndani ya minazi. Maji yake yaliyokuwa yakidondoka kwenye ndoo yalikuwa Kadzo akimimina tui. Na kila nilipofumba macho nilijikuta nimesimama kwenye kichwa cha mtende, makuti yamenizunguka, ua dume mkononi, na nikitazama chini hakuna shina. Hakuna kitu kabisa chini ya nyayo zangu. Sikuanguka. Nilisimama tu pale nikijua kwamba nikikumbuka kuwa hakuna mti, nitaanguka. Kwa hiyo nilikuwa nikijitahidi nisikumbuke.

Ssalongo aliporudi kutoka zamu yake Al Sadd alinusa chumba, akafunua blanketi, akatazama. Yeye ni mtu wa mzaha sana lakini siku ile hakucheka.

"Ssebo, mguu yako inaoza," akasema. "Simama twende."

Hakuvua hata sare. Alinibeba mgongoni kushuka ngazi hizi hizi mlizopanda leo, na kwenye teksi aliniegemeza begani kwake mpaka hospitali kubwa. Tulipofika nilikuwa nikimwita Kadzo, na Ssalongo ndiye aliyekuwa akiitika.

Tulimkuta nesi wa kwetu, Sister Nyambura. Aliniuliza kwa Kiswahili kabla ya kuvimba kulitokea nini. Nikamwambia hakuna kitu. Akaniuliza tena taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto ale. Hakuna kitu, nikasema. Ndipo Ssalongo, aliyekuwa amesimama mlangoni ameshika kofia yake, akaingilia.

"Sister, huyu alichomwa na mwiba. Ya mtende. Nilimuona anachokoa na sindano."

Sister Nyambura akatoka kwenda kumwita daktari. Walikuja na mashine ile ya kupima wajawazito, wakaitelezesha kwenye kifundo changu, na daktari, Msudani mmoja mpole mwenye mvi, akageuza kioo nione. Kulikuwa na mstari mdogo mweupe ndani ya giza. Ncha ya mwiba ilikuwa imekatikia ndani ya kiungo, na muda wote ule nilikuwa nikitembea nayo.

Daktari alieleza na Sister akanitafsiria. Watafungua, watatoa mwiba, wataosha kiungo. Kama mfupa haujaoza, mguu utabaki. "Na kama umeoza," akasema Sister, na hapo alinishika mkono, "tutaongea tena." Sijawahi kuogopa maneno kama yale mawili. Tutaongea tena. Mkwezi asiye na mguu ni nani? Nilijiuliza hivyo na sikupata jina lake.

Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji walinipa simu nizungumze na Kadzo. Nilikuwa nimepanga kumficha. Nikajikuta nimemwambia yote, na harufu pia nikamwambia. Nikasikia watoto wakigombana nyuma yake.

"Baba Mapenzi," akasema, akiniita kwa jina la mtoto wetu, "rudi na mguu, rudi bila mguu, lakini rudi."

Nililia, sioni sababu ya kuficha. Kisha nikapewa nusu kaputi, na wakati usingizi unanichukua nikauona tena mtende usio na shina, lakini safari hii mtu alikuwa ameshika kisigino changu kwa chini.

Nilipozinduka kitu cha kwanza nilichofanya ni kupapasa shuka. Mguu ulikuwapo. Walinifungua mara mbili, maana usaha ulirudi mara moja, na dripu za dawa zilikaa mkononi mpaka mishipa ikawa inajificha wakiona sindano. Lakini mfupa ulikuwa mzima. Sister Nyambura alinionyesha ule mwiba ndani ya kichupa. Ulikuwa kitu kidogo sana, kama kipande cha kiberiti kilichovunjika. Nilimwambia autupe, nisingependa kuonana nao tena.

Siku moja nikiwa bado wodini Harun alikuja, buti zake zina vumbi, ameshika mfuko wa plastiki. Baba alikuwa ametuma tende za mtende wa jikoni, zile za mwanzo wa msimu, laini, nusu zimeiva nusu bado. Harun aliniwekea moja mkononi. Ulikuwa ndio mti ule ule, na tende zile zilitokana na asubuhi ile ya ukungu. Mimi nilikuwa nimelala hapa nikioza na zenyewe huko zilikuwa zikiendelea kukua, bila haraka, kwa unga niliozipa kwa mkono wangu. Nilikula nikajihisi mtu kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze.

Kupona kifundo ni jambo moja na kupona kazi ni jambo jingine. Kiungo kilikuwa kimekakamaa. Vidole vilielekea chini kidogo, kama mguu wa mtu anayenyata, na havikukubali kuinuka. Mwalimu wa mazoezi alinisukuma nyayo kila wiki mpaka nikaona nyota mchana, tukapata kidogo. Msimamizi wa kampuni naye alikuwa muwazi. Kama msimu wa kupandikiza maua utafika na siwezi kupanda, nitapelekwa nyumbani na ataletwa mwingine. Sikumlaumu. Lakini baada ya hapo kila nilichofanya nilikifanya nikiutazama msimu ule unavyokuja.

Nilijaribu mtende mfupi kwanza, nimevaa buti, karr imenifunga. Mabaki ya makuti ni membamba. Unakanyaga kwa nusu ya mbele ya wayo, kisigino kinaning'inia, na uzito wote unakivuta chini. Kwa mguu wangu ilikuwa ni kama kuupasua upya. Nilishuka nikatapika nyuma ya banda. Ngazi pekee nayo haikufaa, maana inakushika upande mmoja tu, na mtende unatakiwa kuzungukwa wote.

Basi nikaanza kutafuta cha kukanyagia. Kwanza nilifunga vitanzi vya kamba shinani, nikaingiza mguu. Kitanzi kilininyonga buti na kikazunguka, kikakipinda kifundo kwa pembeni. Nikaenda Sanaiya, kule kwenye karakana, kwa fundi wa kuchomelea, akanitengenezea kikanyagio cha nondo, kama kile cha kupandia farasi. Kilikuwa imara, lakini chembamba, kikanikata katikati ya wayo, na kisigino kikabaki kinaning'inia vile vile. Jioni nilikuwa nakaa hapa chumbani nikimweleza Ssalongo, naye, amechoka na zamu yake, anaitikia tu. Siku moja akaniuliza, "Wewe nini inauma? Vidole ama kisigino?" Nikasema kisigino, kinataka mahali pa kukaa. Akasema basi kipe kiti.

Nilikipa kiti. Nilichukua ubao ule mnene wanaomwagia zege, nikaukata upana wa kutosha nyayo mbili nzima, kuanzia vidole mpaka nyuma ya kisigino. Upande wa mti nikauchonga mdomo wa kukumbatia shina, nikaugongomea mpira wa tairi usijeruhi gome. Chini nikaweka vyuma vya pembetatu, vile vya kubebea rafu ukutani. Kuufunga nikatumia mkanda wa kukazia mizigo ya lori, unaozunguka shina na kukazwa kwa mpini wake. Msumari hata mmoja haukugusa mtende. Nilimkumbuka Baba na kiganja chake.

Nikaufunga chini kabisa, usawa wa goti, nikavaa karr nikaegemea nyuma. Ubao ukacheza. Nikagundua mkanda ulikuwa umekaa juu ya mabaki ya makuti badala ya kati yake. Nikauhamisha, ukatulia. Magoti yakawa yanagonga shina, nikashonea kipande cha godoro kwenye magoti ya suruali. Kushoto, chini ya kisigino, nikabandika kabari ya mpira ili mguu ukae na ule mwinuko wake wa kunyata, usilazimishwe. Hapo ndipo maumivu yalipoondoka. Nilibaki nimeegemea pale, juu ya ardhi kidogo tu, kama mzee kwenye kiti cha uvivu. Kisha Harun akaenda akaleta ubao wa pili tuutengeneze wa upande mwingine, na vikanyagio viwili vidogo vya katikati ili niweze kuhama kutoka ubao huu kwenda ule.

Msimu ukafika. Harun alitangulia juu ya mtende wa jikoni akafunga mbao zote, akashuka. Nilipanda kwa ngazi, polepole, nikapitisha karr, nikaweka mguu wa kulia ubaoni, kisha wa kushoto. Ukungu ulikuwapo asubuhi ile pia. Nilitazama chini na ardhi haikuonekana, na nikaijua ndoto yangu, ni ile ile, makuti yamenizunguka, harufu ya unga, weupe chini. Nilikuwa nimekumbatia shina kwa mikono yote miwili, na mtu aliyekumbatia mti hawezi kupandikiza kitu.

Nikasikia sauti ya Harun kutoka ndani ya ukungu. "Kazungu. Awal shok."

Nilicheka. Nikakanyaga kwa kisigino. Kilikuwa kimekaa juu ya ubao, ubao juu ya shina, shina kwenye udongo ambao mama yake Baba aliufukua. Nikaegemea nyuma, karr ikanipokea, nikaachia mkono mmoja, kisha wa pili. Nilikata miiba yote, mmoja mmoja, na hakuna aliyenihimiza. Ndipo nikaomba ua.

Namshukuru Mungu kwa mguu huu wenye mwendo wake mbaya. Namshukuru Ssalongo, aliyesema nilichokataa kusema, na Sister Nyambura aliyeuliza mara ya pili. Namshukuru Harun, ambaye hayupo hapa na angeona aibu kutajwa. Kadzo simshukuru hadharani, ataringa. Kila msimu ananipigia simu kuniuliza kitu kimoja, kama nimevaa viatu.

Na ninyi, ndugu zangu mnaolinda milango, mnaoendesha magari ya watu, mnaolea watoto wa watu, ninawaomba jambo moja. Mkikaa mbele ya daktari mwelezeni yote. Mwambieni hata lile dogo, hata lile la zamani, hata mwiba ambao mna hakika mmeshautoa. Na ukiona kiungo chako hakiwezi tena kazi ya zamani, usikipige na usikilaani. Kiulize kinataka kukaa wapi.

Sasa wewe uliyekuwa ukiinua kitambaa, kiinue kabisa. Hizo ni tende za mtende wa jikoni, za mwaka huu. Nilipanda mwenyewe. Kuleni.